Wingu la Chumba Namba Tisa

Kwanza tulipima sakafu.
Mji huu jina lake ni kuzama:
tembo, wanasema, alikwenda kunywa maji
akadidimia na uzito wake wote.
Kwa hiyo Chilongani akapiga magoti,
akagonga zege kwa mpini wa nyundo,
akasikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji,
akasema: hapa. Si pale. Hapa.

Chumba kilikuwa stoo ya mafaili.
Miaka thelathini ya homa na uzazi
ndani ya viroba vya mbolea, shingo zimekabwa kwa katani.
Tulitoa panya mmoja, hai, na kadi za kliniki zisizo na idadi,
moja ikiwa yangu: kilo mbili na nusu,
jina la mama limekosewa.
Nikaitia mfuko wa shati. Sikumwambia mtu.

Vumbi la Kizota halibishi hodi.
Dirisha tuliliziba kwa tofali, kisha plasta, kisha gundi,
na asubuhi tukakuta limelala juu ya kila boksi
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.
Dorka akalaza kitambaa kibichi chini ya mlango.
Hatukukitoa tena.

Seva tatu. Si kubwa,
ila kuibeba moja ni kama kumbeba mtoto aliyelala,
asiyekusaidia kwa lolote.
Diski kumi na nane; moja ilifika imekufa,
ikigonga tk, tk,
mjusi ndani ya ukuta.

Kila neno litaandikwa mara tatu, nilimweleza mganga mfawidhi,
kila nakala na nyumba yake.
Moja ikizimika, mbili zinakubaliana kilichokuwa kweli.
"Ikibaki moja?"
Inanyamaza. Haiandiki kitu mpaka ipate mwenzake.
Akavua miwani, akaifuta.
"Laiti kamati yetu ya manunuzi ingekuwa na adabu hiyo."

Nyaya za njano, diski huongea na diski.
Za bluu zinakwenda wodini.
Nyekundu ni yetu, mlango wa uani,
wa kuingilia siku nyumba inaungua.
Usizichanganye.
Nilizichanganya.
Saa nane za usiku swichi ikawa inajiita,
inajiitikia, inajiita tena,
taa zote zinapepesa kama arusi
na hakuna anayesikia neno la mwenzake.
Kumbe ni waya mmoja, urefu wa mkono,
umetoka kwake na kurudi kwake.
Niliuchomoa.
Kikaja kimya, halafu habari.

Desemba mama akapiga simu kutoka Bahi.
"Nasikia unajenga wingu."
Ndiyo, mama.
"La nani?"
La hospitali. Letu wenyewe, halitoki nje ya ukuta.
Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Wingu lenye ukuta," akasema.
"Ndiyo maana huku uwele umekauka."

Siku ya kuwasha, kiyoyozi kikaanza kudondosha.
Tone, tone, kutoka kwenye dari,
pale pale alipopakataa Chilongani.
Tulimwangalia. Akainua mabega:
yeye alisikiliza sakafu tu, ya juu hayajui.
Tukaweka ndoo.
Jioni mlinzi, mzee Mbijima, akaichukua,
akamwagia mchicha wake nyuma ya jenereta,
na kesho yake akaja kuuliza kama tuna nyingine.

Umeme ukakatika mara mbili kabla ya saa nne.
Betri zikalia, zikabeba, zikalia.
Dorka akahesabu kwa sauti mpaka jenereta ikakohoa:
kumi na moja, kumi na mbili.

Halafu wote wakaenda kula.
Nikatoa ile kadi mfukoni, imelowa jasho,
nikaichapa iwe faili la kwanza, la majaribio.
Kilo mbili na nusu.
Nesi wa siku ile aliandika Judith.
Nikaandika Yudita, kama anavyojiandika mwenyewe
kwenye daftari la kikoba.
Taa tatu zikapepesa.
Nikachomoa seva ya kati, makusudi,
mkono ukitetemeka kidogo,
nikauliza tena.

Jina lilikuwepo, na Y yake.